Kabla Hujasugua: Namna ya Kutoa Madoa Sugu kwenye Rangi ya Gari

Alama nyingi zinazobaki kwenye rangi za magari huku kwetu hazikuletwa na doa. Zimeletwa na aliyelitoa. Kunguru amechafua boneti usiku, asubuhi mwenye gari anatoka na haraka zake, anakwangua kwa ukucha, anamalizia kwa dodoki kavu lenye mchanga wa jana, na anaondoka ameridhika kwamba pamekuwa safi. Baada ya wiki mbili, jua likipiga kwa upande, anaona mikwaruzo ya duara na anamlaumu kunguru.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, jua unachokigusa. Rangi ya gari iliyopigwa kiwandani ni tabaka kadhaa: praima juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita kliya. Zote kwa pamoja unene wake huwa kama mikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita na kidogo juu yake. Kliya peke yake ni kama mikroni 40 au 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwani kwako. Hiyo ndiyo inayong'aa, na hiyo ndiyo inayoizuia rangi isipauke kwa jua. Kila unapopiga rabing, yaani kuisugua kwa dawa yenye unga wa kusugulia, unaipunguza, na ikiisha hairudi mpaka upige rangi upya. Mtu aliyelipeleka gari lake likapigwe rabing kila sikukuu kwa miaka kadhaa atakuja kuona paa linababuka mabaka meupe, na hapo hakuna dawa ya kupaka itakayomsaidia.

Kazi yote ya kutoa madoa basi ni kupanda ngazi taratibu: maji, sabuni, kiyeyusho kinacholingana na doa, klei, polishi, na mwisho kabisa msasa wa maji. Unaanzia chini, na unasimama pale doa linapotoka. Tatizo la watu wengi ni kuanzia juu.

Gari lako lina rangi gani?

Magari mengi tunayoendesha yamekuja yametumika, na mengi yamepita kwa fundi rangi angalau kipande kimoja, bampa au mlango, hata kama dalali aliapa kwamba ni rangi ya kiwandani. Kuna vipimo viwili rahisi. Cha kwanza: chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini kabisa ya mlango. Kitambaa kikishika rangi ya gari, basi pale hakuna kliya, unasugua rangi yenyewe. Magari mengi ya zamani ya rangi moja isiyo na chengachenga yako hivyo, na hayo yanahitaji mkono mwepesi zaidi.

Kipimo cha pili ni cha kipande kilichopigwa gereji. Lowesha ncha ya kitambaa kwa tone la thina, gusa mahali pa kujificha, hesabu mpaka tano, futa. Rangi ikinata au ikitoka, ni ile ya bei rahisi ambayo mafundi huiita NC. Hiyo hukauka kwa thina kuruka tu, kwa hiyo ukirudishia thina inayeyuka tena, hata ikiwa na miaka kumi. Rangi ya kuchanganywa na hadina, ile ya 2K, huiva kwa kemikali na haiyeyuki kirahisi hivyo. Ukishajua bampa lako ni NC, funga kabisa habari ya thina na petroli kwenye bampa hilo. Na kama rangi haijatimiza mwezi mmoja tangu ipigwe, usiipake chochote zaidi ya maji na sabuni laini. Bado inatoa thina ndani yake, na nta itaifungia.

Osha kwanza

Huwezi kutoa doa kwenye gari chafu. Vumbi ndilo linalokwaruza. Weka gari kivulini, subiri bati lipoe. Kama huwezi kutuliza mgongo wa kiganja kwenye boneti bila kuuondoa, bado ni moto, na sabuni itakaukia juu yake ikuachie madoa mapya. Mwagia maji mengi kuanzia paa kushuka chini kabla ya kugusa kwa kitambaa. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye bati. Baada ya kuosha, chungulia ile ndoo ya kusuuzia. Mchanga uliotulia chini ungekuwa unazungushwa juu ya kliya yako.

Sabuni ya unga iache kwa nguo. Ni kali, na punje zake ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo huondoa nta, kwa hiyo si ya kila wiki, ingawa siku ya kutoa madoa inafaa kwa sababu nta utaipaka upya mwishoni. Dodoki na brashi ngumu vibaki kwenye tairi na chini ya madigadi. Kwa bodi, kitambaa cha maikrofaiba au fulana laini ya pamba iliyotolewa mishono.

Gari likishakauka, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase bati. Tanzania bara mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ule unaofungiwa mkate unatosha. Kwa mkono mtupu utadhani pako laini. Kupitia plastiki utasikia vipele vya lami, cheche na utomvu ambavyo macho hayajaviona. Ukiona alama lakini mkono hausikii kitu, hiyo haiko juu ya rangi tena, imeingia ndani, na hakuna kiyeyusho kitakachoifikia. Ni ya polishi.

Kunguru na popo

Dar es Salaam, Mombasa na Unguja tuna kunguru wa kutosha. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, na hawakuona sababu ya kuondoka. Kinyesi cha ndege kina tindikali, lakini ubaya wake hautokani na tindikali peke yake. Boneti jeusi saa saba mchana hupita nyuzijoto 60 bila shida. Kliya inapopata moto inalainika na kutanuka. Jioni inapoa na kusinyaa, ikiwa imekishika kinyesi kilichokauka juu yake. Hapo ndipo umbo lake linapojichora. Ndiyo maana kinyesi cha asubuhi kikitolewa kabla ya jua kupanda hakiachi kitu, na kile cha jana mchana kinaacha kivuli.

Usikifute. Chukua karatasi laini au kitambaa, kiloweshe maji yenye sabuni kidogo, kilaze juu ya kinyesi na ukiache dakika tano hadi kumi. Kikianza kukauka, dondoshea maji tena. Kisha kinyanyue kwa kukikunja kuelekea katikati, uchafu ukiwa ndani, wala usikivute kwa pembeni. Mle ndani mna mbegu na chembe ngumu. Pakibaki utando, rudia kwa kitambaa kipya. Mwenye kupaki nje kila siku aweke chupa ya maji na vitambaa viwili kwenye buti, maana dakika tano za asubuhi zinaokoa polishi ya mwisho wa mwezi.

Popo wala matunda ni balaa la aina yake msimu wa zambarau. Doa lao ni la zambarau kweli, na kwenye gari jeupe linaonekana kama wino. Utaratibu ni uleule. Rangi ya tunda inayobaki baada ya sabuni mara nyingi hutoka kwa spiriti ya dawa iliyowekwa kwenye pamba, ikifuatwa na maji.

Utomvu ambao si utomvu

Wengi wanaopaki chini ya mwembe hulalamika kwamba mti unadondosha utomvu. Ukiangalia gari lao, utakuta vidoadoa vidogo vinavyonata, vimesambaa kote, hadi kwenye kioo cha mbele, vinang'aa juani. Huo si utomvu wa mti. Ni maji ya sukari yanayotolewa na wadudu wadogo wanaofyonza majani, wale utakaowakuta ukigeuza jani ukaangalia tumboni mwake. Kwa kuwa ni sukari, maji ya vuguvugu na sabuni yanaimaliza bila kusugua. Ukiiacha wiki kadhaa, ukungu mweusi unaota juu yake kama unavyoota kwenye majani ya mti wenyewe, na hapo mtu huanza kukimbilia petroli kwa kitu ambacho kilihitaji ndoo ya maji ya moto kiasi.

Utomvu wenyewe uko wa aina nyingi na hautoki kwa dawa moja. Wa mwarobaini na wa migunga ni gundi inayolainika kwa maji. Unakuja kama donge la rangi ya asali. Lilazie kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu, liache livimbe, litateleza lenyewe. Wa misonobari, ambao watu wa Lushoto na Mufindi wanaujua vizuri, maji hayaufanyi kitu. Huo unataka spiriti. Lowesha pamba, ibandike juu ya tone kama nusu dakika, futa kwa mkupuo mmoja, geuza pamba upande safi, rudia. Ukishaondoka, osha kwa sabuni. Kwa hiyo usipojua mti, anza na maji, na maji yakishindwa ndipo utoe spiriti. Huhitaji kuwa bwana misitu.

Maziwa yanayotoka kwenye kikonyo cha embe bichi ni makali, yanababua hata mdomo. Gari likidondokewa na hayo lioshwe siku hiyohiyo. Mafuta ya maganda ya korosho mabichi ni makali vilevile. Wanaobeba korosho kwenye pikapu wafunike kuta za bodi mapema kuliko kuja kutafuta dawa baadaye.

Lami

Pakichimbwa barabara, na Dar haupiti mwaka bila barabara kuchimbwa mahali fulani, vitone vyeusi hujipanga nyuma ya tairi, chini ya milango na kwenye pembe za bampa la nyuma. Lami haisikii sabuni hata uipige povu mpaka jioni. Inasikia mafuta, kwa sababu yenyewe ni jamii ya mafuta.

Mafuta ya taa yanafanya kazi, na ndiyo rahisi kupatikana. Siri yake ni kutumia kidogo na kutumia muda. Lowesha kona ya kitambaa, isidondoke, ibandike juu ya kitone, hesabu taratibu mpaka sitini. Kitone kitaanza kutoa mchirizi wa kahawia pembeni; hiyo ni lami inalegea. Futa kwa kuvuta kuelekea kwako, mara moja. Kitambaa kikipata weusi, geuza upande mwingine, maana ndani ya kile kitone mna mchanga wa barabara, na ukizungusha kitambaa chafu kimegeuka msasa. Vitone vikubwa vinataka mara mbili au tatu. Ukimaliza ubavu mmoja, osha hapohapo kwa sabuni mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe, usiache yakaukie juu ya rangi au yalowe kwenye mpira wa mlango. Mafuta ya kula nayo yanalegeza lami, ila taratibu zaidi, na kwa kipande chenye rangi ya NC mimi ningechagua hayo.

Petroli wengi huipenda kwa sababu ni ya haraka. Inaruka kabla haijaifanyia lami kazi ya maana, inakausha mipira, inakula rangi ya NC, na inawaka. Sioni kwa nini mtu ashike petroli wakati mafuta ya taa yapo.

Maji ya kisima

Hili ndilo doa la pwani, na ndilo linalochanganya watu kwa sababu linaletwa na kuosha. Visima vingi vya Dar na ukanda wa bahari vina maji ya chumvi na chokaa. Kijana wa kuoshea magari anamwagia, anasogea kwenye gari lingine, jua linakausha lako, na chumvi na chokaa zinabaki zimejipanga kwa umbo la matone: viduara vyeupe, vinavyoonekana zaidi kwenye gari jeusi, kwenye vioo na juu ya paa ambako hakuna aliyefuta.

Chokaa huyeyuka kwa tindikali hafifu, na siki nyeupe ya dukani ni tindikali hafifu. Changanya na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze kwenye eneo la ukubwa wa sahani kwa dakika moja au mbili, kwenye bati lililopoa. Futa, suuza kwa maji mengi, kausha mara moja. Sogea eneo linalofuata. Usiifanye boneti nzima kwa mpigo, kwa sababu siki itakaukia sehemu na kuleta doa lake. Limau linafanya kazi ileile ila lina sukari na nyuzi, na linahitaji kusuuzwa zaidi. Dawa za kusafishia vyoo na marumaru, ambazo nazo ni tindikali, zisije karibu na gari: zinakula kromu, alumini ya rimu na bati penye mkwaruzo.

Viduara vikikataa siki mara mbili, acha. Vimeshachimba kliya, na siki haijazi shimo. Na kuanzia siku hiyo, gari likiogeshwa kwa maji ya kisima, likaushwe kwa kitambaa kabla ya kuachwa, hata kama wa kuosha anakuona msumbufu.

Saruji nayo inaitikia siki. Ukipaki karibu na nyumba inayopigwa plasta na ukakuta matone, kama bado ni mabichi yamwagie maji mengi sana, kwa sababu saruji mbichi ni kali na inababua rangi. Ikishakauka, kamwe usiibandue kwa kisu au kadi ya benki. Inatoka na kliya yake. Bandika kitambaa chenye siki, kiloweshe tena kila baada ya dakika chache, tone litaanza kuwa kama tope. Bonyeza kwa kidole ulichovika kitambaa, lisagike, suuza. Tone moja nene laweza kukuchukua nusu saa.

Cheche za grenda

Madoa haya watu hudhani ni kutu ya gari. Gari ni jeupe, bodi nzima haina tobo, lakini lina vidoa vya rangi ya chungwa vya ukubwa wa ncha ya kalamu. Uliza kama kuna fundi wa mageti jirani. Grenda inapokata chuma, cheche zake ni vipande vya chuma vyenye moto. Vinatua juu ya kliya, vinajizamisha kidogo, mvua ikija vinashika kutu. Vumbi la breki hufanya vivyo hivyo kwenye rimu na nyuma ya tairi. Kwenye kioo cheche hazitoki kabisa, zimeyeyusha kioo, kwa hiyo mtu akiwasha grenda mita chache na gari lako, sogeza gari.

Sabuni haivitoi. Kuna dawa maalumu za vumbi la chuma kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Ukinyunyiza inageuka zambarau pale inapokutana na chuma, kisha unasuuza kabla haijakauka. Ina harufu mbaya kweli, vaa glovu. Ukiikosa, tumia klei.

Klei ni kipande kinachofanana na udongo wa kuchezea watoto, kimetengenezwa kwa plastiki na unga laini wa kusugulia. Kinang'oa kilichojibandika juu ya kliya bila kuilamba kliya sana, mradi kiwe na ulainisho. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni mpaka bati lielee, telezesha klei kwa kwenda na kurudi, bila kukandamiza, eneo la viganja viwili. Mwanzoni utaisikia inakwaruza na kushika; ikianza kuteleza kimya, pameisha. Ikunje uso mchafu uingie ndani. Ikianguka chini, itupe, hata kama ni mpya na imekugharimu. Mchanga ulioingia hautoki.

Yale madogo

Wadudu wa safari, hasa ukitembea jioni kutoka Morogoro kuvuka Mikumi au msimu wa kumbikumbi, hukauka kwenye bampa na nambari. Taulo lililolowa maji ya sabuni, limelazwa robo saa, linatosha. Kilichobaki kitatoka kwa taulo la pili kuliko kwa nguvu ya mkono.

Vumbi jekundu halina ukali wowote, ila kwenye gari jeupe linaingia kwenye maungio na kuacha michirizi. Litoe kwa maji mengi kabla ya kitambaa chochote.

Gundi ya stika, na ya selotepu zilizoshika maua na riboni za harusi, unailainisha kwa joto. Drai ya nywele kwa umbali wa kiganja, au jua la asubuhi umeme ukikosekana. Stika nene au nembo ikate kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, uvute kwa mikono miwili kama unakata chini yake. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kula, isubiri, isokote kwa kidole, kisha osha. Inayokataa inakubali spiriti. Bwana harusi akiazima gari lako, mwambie riboni zifungwe kwenye vioo vya pembeni na vishikio vya milango, selotepu zisiguse bodi. Mtakuwa mmebaki marafiki.

Rangi ya gari lingine iliyobaki kwako baada ya kugusana, au ya pikipiki iliyokupitia ubavuni kwenye foleni, mara nyingi iko juu ya kliya yako, haijaikata. Pitisha ukucha kwa upole. Ukiteleza, jaribu polishi kwa mkono na utashangaa inavyopotea. Ukucha ukinasa, kuna mkato, na polishi itang'arisha kingo zake tu.

Mafuta ya breki ndiyo pekee ninayoweza kukuambia ukimbie. Yakidondokea bodi wakati fundi anajaza, mwagia maji hapohapo. Yanachanganyika na maji na kuondoka, lakini ukiyaacha yanalainisha rangi mpaka inanyanyuka.

Dawa za mtaani

Dawa ya meno inafanya kazi kidogo kwa sababu ina unga wa kusugulia, yaani ni polishi dhaifu usiyojua ukali wake. Kwa doa moja dogo, sawa. Kwa boneti, nunua polishi. Soda za kola zina tindikali, lakini zina sukari. Siki ni bora na ni nafuu. Majivu, sabuni ya unga ya kusugulia masufuria na stilwaya ni vya jikoni vibaki huko. Jiki haitoi doa lolote la gari nililolitaja hapa.

Ukifika kwenye polishi

Kivuli cha kinyesi, viduara vya maji vilivyochimba na mikwaruzo ya dodoki vyote vinaishia hapa. Unachofanya sasa ni kuishusha kliya inayozunguka shimo mpaka ilingane na chini ya shimo, na ndiyo maana nimekuwa nikikuzuia usifike hapa bila sababu. Anza na polishi laini, si rabing ya mchanga mkubwa. Weka ya ukubwa wa punje ya harage kwenye kitambaa laini, fanya eneo la nusu mita, sugua kwa mkazo wa kawaida mpaka ianze kuwa kama ukungu, futa, angalia kwa taa ya simu kwa upande. Rudia mara moja, labda mara mbili. Kwenye mikunjo ya bodi na kingo za milango mkono uwe mwepesi, huko kliya ni nyembamba zaidi kuliko kwingine. Kivuli kikipungua kwa robo tatu na mtu akiwa amesimama hawezi kukiona, hapo panatosha. Kufukuza ile robo ya mwisho ndiko kunakotoboa.

Kisha nta. Siki, spiriti, mafuta ya taa na polishi vyote vimeondoa ile iliyokuwepo, na kliya imebaki uchi. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi-pori wa Brazili, kwa jua letu hudumu wiki chache. Zile za viwandani hukaa zaidi. Paka nyembamba sana, kivulini, acha ikauke kidogo, futa. Utajua imekwisha maji yanapoacha kujikusanya kuwa matone na kuanza kulala kama shuka juu ya boneti. Kunguru atarudi, lakini atakuta nta kwanza.

Ukiamua kumpa fundi mwenye mashine, yapo machache ya kumwambia kabla hajawasha. Muulize atatumia nini na kwa nini. Mtajie vipande vilivyopigwa gereji, maana mashine inatoboa NC kwa sekunde. Mwambie aoshe na kupitisha klei kwanza, abandike tepu kwenye kingo, nembo na mipira, na aanze na eneo la ukubwa wa daftari sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, mliangalie pamoja juani kabla hajaendelea. Fundi mzuri hatakasirika, wengi hufanya hivyo bila kuambiwa. Akikujibu kwamba kwanza atapiga msasa wa maji gari zima ndipo ang'arishe, na gari lako lilikuwa na vidoa vya maji tu, mshukuru umwambie utarudi wiki ijayo.